Kitabu cha Kusomea Juu ya Dungu

Prefe, ndiye mkuu wa shule yetu, ana kabati moja ya chuma, na ufunguo wake hautoki shingoni mwake hata akienda misa. Mwaka ule ndani ya kabati mlikuwa na vitabu vitano vya kufundisha lugha za kompyuta. Wafadhili walivileta pamoja na mipira miwili na katoni ya chaki. Sheria yake ilikuwa moja: mwalimu mmoja, kitabu kimoja, muhula mzima, na unatia sahihi kwenye kaye, daftari lake la kuazimisha. Ukichagua vibaya, shauri yako.

Mimi nilichagua vibaya. Nasema mapema ili mtu asije akanisifu bure.

Nilikuwa na miaka tisa ninafundisha kuchapa na kompyuta kwenye shule hiyo hapa Uvira, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani kwangu Nyamianda. Kompyuta tulikuwa nazo sita. Nne zilikuwa zinawaka, siku umeme ukipenda. Nilijua lugha moja tu ya kuandikia programu, ya zamani, ambayo na mimi nilifundishwa chuoni kwa chaki. Basi kabla ya likizo ya Pasaka prefe akaniita ofisini, hata kiti hakunipa.

"Madame, lugha yako imekufa," akasema. "Muhula wa tatu, darasa la tano wanasoma Python. Inspekta anakuja wiki ya kwanza kabisa kuangalia kama tunaweza. Kuko kijana mumoja amemaliza masomo Bukavu, yeye anaijua. Kama weye hauiwezi, sema sasa, nimupatie zile saa."

Zile saa ndizo zilikuwa kazi yangu. Ukiziondoa, nilikuwa nabaki na vipindi vitatu vya kuchapa kwa wiki, na hata hivyo vitatu watu walikuwa wanasema vitafutwa. Halafu darasa lenyewe! Wasichana kumi na saba niliowashika tangu darasa la tatu, niliowajua mpaka nani anauma kucha na nani anaiga mwandiko wa mwenzake. Niwakabidhi kwa kijana ambaye hata majina yao hayajui? Thubutu!

"Naiweza," nikamwambia.

Uongo mtupu. Hiyo Python nilikuwa sijaiona hata kwa macho. Lakini neno likishatoka limetoka, ikabaki kujikaza. Prefe akainama na ufunguo wake, akafungua kabati, na mimi nikachagua kama tunavyochagua wote huku kwetu: nikachukua kile kinene. Sisi tumesoma kwa silabi, yale makaratasi ya masomo ambayo maprofesa wanawauzia wanafunzi. Tangu chuoni tuliamini kwamba silabi nene ni ya profesa mwenye akili, na silabi nyembamba ni ya mtu aliyetaka kuondoka mapema. Kitabu hicho kilikuwa na kurasa karibu mia sita, cha Kifaransa, jalada gumu, kizito hata ungeweza kuzuia mlango nacho. Nikatia sahihi. Nilitoka pale kifua mbele.

Kila Pasaka huwa nakwenda Kiringye kwa mama yangu, kwa sababu ndio wakati mpunga umetoa mashuke na ndege wamejua. Ndege wa bondeni si ndege wa mchezo. Wanashuka mia kwa mia, na ukiwageuzia mgongo muda wa kunywa maji, kona nzima ya shamba imebaki majani. Kwa hiyo tunajenga dungu katikati ya mpunga, jukwaa la miti lenye paa la nyasi. Kutoka hapo tunavuta kamba zilizofungwa mikebe pande zote. Kuanzia alfajiri mpaka jua linapozama kazi ni kuvuta kamba na kupiga kelele. Katikati ya kelele mtu ana nafasi ya kusoma. Nilijiambia: wiki mbili juu ya dungu, nitarudi mjini nimeimaliza hiyo Python yao.

Umeme Kiringye kwa mama hakuna. Kompyuta ndiyo usiulize. Na simu yangu ilikuwa ile ya kubonyeza, yenye tochi.

Siku ya kwanza nilisoma kwa raha. Kifaransa kitamu, sentensi ndefu zimepigwa pasi. Nikafika kwenye programu ya kwanza yenye maana, mistari sita. Chini yake pameandikwa: iendeshe programu hii, utazame matokeo. Nikafungua ukurasa unaofuata kutafuta hayo matokeo. Hayapo. Kitabu kinaendelea na safari yake: "Kama ulivyokwisha kuona…"

Nimeona nini? Nimeona ndege!

Nikasema labda ni ukurasa huo tu. Nikaenda mbele. Iendeshe, utazame. Kama ulivyoona. Badilisha namba, uendeshe tena. Unashangaa, sivyo? Kitabu kizima kiliandikwa na mtu ambaye hajawahi kufikiri kwamba msomaji anaweza kuwa juu ya miti minne katikati ya mpunga. Siku tatu nilisoma hivyo, na kila nilichodhani nimekielewa sikuwa na mtu wa kuniambia nimepata au nimekosa. Siku ya tatu jioni nilikifunga kwa hasira hata mama akageuka kule chini.

"Kesho niko narudia Uvira," nikamwambia. "Nabadilisha kitabu."

"Weye uko na wazimu?" Mama akaweka jembe chini akiwaza nauli ya pikipiki. "Moto kwenda na kurudi, sababu ya kitabu? Na ndege?"

"Siku moja, mama. Nisipobadilisha, narudi kwako kulinda ndege maisha yangu yote."

Akaokota jembe lake, akasema basi nipite sokoni nimletee chumvi.

Prefe nilimkuta nyumbani kwake anakula ugali na ndakala, dagaa wa ziwani, mikono yote miwili kazini. Aliponiona na kitabu akajua.

"Ah, madame. Hapa si sokoni. Huwezi kurudisha nyanya eti imeoza."

"Imeoza, prefe," nikasema.

Sikutoka mlangoni. Nilisimama pale mpaka mke wake akaona aibu na kuniletea kiti, na mpaka ugali ukaisha. Mwisho akanawa, akavaa viatu, akanitangulia shuleni akinung'unika njia nzima kwamba walimu wa siku hizi hawana shukrani. Akafungua kabati, akakaa kwenye meza kunisubiri.

Safari hii sikuangalia unene. Nilikaa chini kwenye saruji, nikawa navuta kitabu kimoja kimoja kama mwanafunzi ninayemfanyia mtihani, na swali langu lilikuwa moja: mimi sina mashini, wewe utanionyesha kinachotoka? Kitabu cha kwanza kilinitaka nishushe vitu kutoka kwenye intaneti hata kabla ya sura ya kwanza, nikakirudisha. Cha pili kilionyesha matokeo kwa picha za skrini, lakini picha zenyewe zilichapwa nyeusi tii, husomi kitu. Cha tatu kilikuwa kizuri, sikatai, isipokuwa kilianza pale ambapo mimi nilitaka kumalizia. Cha nne sikukiona. Prefe akasema kimeangukia nyuma, chini ya rafu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikalala kifudifudi na gauni langu safi, nikakivuta na vumbi lake.

Kilikuwa chembamba. Cha Kiingereza. Juu kulikuwa na picha ya mbuzi aliyevaa miwani, na kimeandikwa kwamba ni cha watoto. Nikafungua katikati. Programu mistari minne, na chini yake kisanduku: hiki ndicho kitakachotoka. Nikafungua kwingine. Programu, kisanduku. Kwingine tena programu imekosewa makusudi, na kisanduku kinaonyesha mashini italalamika vipi na kwa nini. Nilipekua ukurasa kwa ukurasa nikitafuta programu moja tu iliyoachwa bila jibu, sikuipata.

"Nachukua hiki."

Prefe alicheka mpaka akashika tumbo. "Madame! Hiki ni cha batoto! Na ni Kingereza! Inspekta akiuliza darasa la tano linasoma nini, nimwonyeshe mbuzi?"

"Atakuja kuniuliza minye," nikasema. "Leta kaye."

Sitaki kudanganya, niliona aibu. Njiani kurudi Kiringye nilikificha kitabu ndani ya kitenge ili dereva wa moto asione yule mbuzi. Kiingereza changu ni cha shule, cha kusalimia na kuulizia saa. Lakini kitabu cha watoto hakina maneno mengi, kinarudia yale yale. Nilikuwa pia na kamusi ndogo iliyokatika jalada, na nilikuwa na hasira. Hasira inasaidia sana kusoma.

Nikapata utaratibu wangu. Nafunika kisanduku kwa kiganja. Nasoma programu mstari kwa mstari, naandika kwenye kaye ninachofikiri kitatoka, ndipo nafunua. Siku ya kwanza katika kumi nilipata nne. Nilikosa kwa sababu nilikuwa nasoma programu kama barua: naona mwandishi anataka kusema nini, naruka. Mashini hairuki. Ilinibidi nijifunze kusoma polepole kama mtu mjinga, na kwa mwalimu wa miaka tisa hilo ni jambo gumu kuliko Kiingereza.

Siku moja mama alipanda dunguni na viazi vitamu vya kuchemsha, akanikuta nazungumza peke yangu.

"Hiyo lugha ni ya bantu gani?" akauliza.

"Si ya watu, mama. Ni ya mashini. Inaitwa Python."

"Iyo si nyoka?"

"Ndiyo, jina ni la chatu."

"Mana yanje!" Akamwita Mungu wake, akasogeza mguu mbali na kitabu.

Mama yangu hakusoma. Anajua kuandika jina lake kwa ajili ya uchaguzi, basi. Lakini ana kichwa ambacho hakisahau, na hapendi kuona mtu anahangaika bila kumwingilia. Akaniambia nimweleze. Nikatafuta namna. Nikachukua vikombe viwili vya plastiki na maharagwe kwenye kikapu chake, nikamwambia: wewe ndiye mashini. Mimi natoa amri, wewe unafanya. Usifikiri, usinisaidie, fanya nilichosema tu.

"Kazi rahisi," akasema, akajiweka sawa.

Nikaanza na programu niliyotunga mwenyewe, ya kuhamisha. Kikombe cha kwanza kina maharagwe matano, cha pili ni kitupu. Amri: maadamu kikombe cha kwanza kina haragwe, tia haragwe moja kwenye kikombe cha pili. Mama akatazama kikombe cha kwanza, akaona kuna haragwe. Akachukua moja kikapuni, akatia kwenye cha pili. Akatazama tena. Yapo. Akatia. Yapo. Akatia. Mimi nikageuka kuvuta kamba, ndege walikuwa wameshuka upande wa mfereji, nikapiga mikebe na kelele mpaka wakaondoka. Niliporudi kikombe cha pili kimefurika, maharagwe yanamwagika kwenye mbao, na mama anatia tu, uso mkavu.

"Mama, simama! Unafanya nini?"

"Weye njo umesema," akajibu. "Kama iko haragi mule, nitie hapa. Iko. Nitie mpaka lini? Mpaka Krismasi?"

"Lakini nilitaka uyahamishe…"

"Ulitaka. Haukusema nitoe. Umesema nitie." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Mashini yako ni mujinga sana, mwanangu. Inafanya kila kitu unasema. Unapashwa kuwa na akili mahali pake."

Nilicheka mpaka nikalala juu ya mbao, na ndege wakala kona nzima ya shamba, na mama akanitukana Kirundi cha kwao chote. Lakini kile kitu, programu isiyosimama, kitabu kinene kilikipa sura nzima na sikukielewa. Mama alinieleza kwa vikombe viwili. Tangu siku ile kila alasiri alipanda dunguni akiwa mashini. Nilipokosea alinionyesha kosa langu bila huruma, kwa kulitenda. Kufika mwisho wa wiki ya pili katika kumi nilikuwa napata tisa, na ile moja nilijua kwa nini.

Nikarudi mjini. Shule ikafunguliwa Jumatatu. Mashini zilikuwa zile zile, umeme haujafika, na hata kama ungefika, fundi aliyeahidiwa kuja kuweka lugha mpya hakuwa ametokea. Nikawafundisha wasichana wangu kwa vikombe na maharagwe, wawili wawili, mmoja anasoma amri na mwingine ni mashini. Siku ya kwanza walicheka. Siku ya tatu walikuwa wanagombana kuhusu haragwe moja.

Alhamisi inspekta akaingia. Mtu mwembamba, mpole wa sauti, koti limemzidi mabega. Prefe alikuwa nyuma yake amekumbatia kile kitabu kinene, ili mgeni aone kwamba shule ina vitabu. Inspekta akapita kati ya madawati akitazama maharagwe. Kisha akachukua kitabu mikononi mwa prefe, akafungua katikati na kunakili programu moja ubaoni kwa mwandiko mzuri. Mistari saba. Inaanza na namba sita. Maadamu namba si moja: ikigawanyika kwa mbili, igawe, isipogawanyika, izidishe mara tatu uongeze moja, kila mara hesabu hatua. Mwisho onyesha idadi ya hatua.

"Kitatoka nini?" akauliza darasa.

Nilijitenga pembeni ya ubao, nikafunga mdomo. Wasichana wakaingia kazini, wengine kwa maharagwe, wengine wakachora safu kwenye kaye. Upande wa dirisha wakasema saba. Upande wa mlango wakasema nane. Kelele zikaanza.

"Rudieni," nikasema. "Hatua kwa hatua. Msiruke."

Wakarudia kwa sauti, darasa zima: tatu, kumi, tano, kumi na sita, nane, nne, mbili, moja. Wa dirishani waliona wenyewe kwamba walisimama kwenye mbili, kabla namba haijawa moja. Wakafuta. Nane.

Inspekta akanigeukia. "Madame, ni kweli?"

"Ni nane."

"Unajua namna gani? Ulisha kuiendesha kwenye mashini?"

Prefe akakohoa. Nilimwona kwa pembe ya jicho, macho yamemtoka, ananisihi niseme ndiyo. Na ndiyo lilikuwa neno fupi, rahisi, kama lile nililosema ofisini kwake. Pale mbele kulikuwa na watoto kumi na saba ambao siku nne nzima nilikuwa nawaambia wasiandike kitu ambacho hawajakifuata wenyewe mpaka mwisho.

"Hapana," nikasema. "Hii sijaiendesha. Na hakuna nyingine niliyoiendesha. Python sijawahi kuigusa kwenye mashini hata siku moja. Nimeisoma kwa kitabu cha watoto, hiki hapa, juu ya dungu la mpunga."

Msichana mmoja wa mbele akashika mdomo. Nikaona kazi yangu inaondoka. Nilikuwa na hasira tu. Nilitaka wanitoe haraka kama wanataka kunitoa.

Inspekta akaweka mkoba wake mezani, akatoa kompyuta yake ndogo, akaifungua. "Iko na chaji kidogo," akasema. "Na lugha iko ndani. Andika."

Nikakaa. Vidole vyangu vimechapa miaka tisa bila kutazama, nikaviachia. Skrini ikajaa mchafukoge: pale nilipotaka *a* imetoka *q*, pale nilipotaka *w* imetoka *z*. Kibodi yake ilikuwa ya Kiingereza, na mimi nimejifunza na kufundisha ile ya Kifaransa. Nyuma yangu prefe akasema "Yesu wangu" kwa sauti ndogo. Mwalimu wa kuchapa, mbele ya wanafunzi wake wa kuchapa! Nikafuta vyote. Nikaanza upya kwa kidole kimoja, natafuta herufi moja moja kama kuku anayedonoa, na sikujali nani anacheka. Nilisoma mistari yote saba toka juu mpaka chini, nikairudia. Nikabonyeza.

8.

Wasichana walipiga kelele hata darasa la jirani wakaja mlangoni. Machozi yakanitoka pale pale kwenye kiti, mbele ya watu, na sikuyafuta. Prefe akaanza kutoa hotuba, kwamba shule yetu siku zote imetilia mkazo… Inspekta akainua mkono kumnyamazisha, akachukua kompyuta yake, akaenda kukaa kwenye dawati la nyuma kabisa katikati ya wanafunzi. Akatoa kaye na kalamu.

"Madame," akasema, "saa haijaisha. Bado iko dakika kumi na tano. Endelea."

Nikasimama, nikachukua chaki.